Barua za wasomaji: Imani ya mwanafunzi aliye intenati

Kila mwaka kuanzia Agosti, barua zinazofika kwenye ukurasa huu huwa za matela (magodoro), masanduku na minervali (karo). Safari hii nyingi zimeuliza jambo jingine: mtoto aliyezoea kusali na wazazi wake sebuleni atasali vipi akilala na wenzake arobaini? Tumechagua barua saba. Wanaojibu ni mlezi wa intenati (bweni la shule), muuguzi wa shule na walimu wawili wa dini, Mkristo na Mwislamu, wote wa hapa Bukavu. Pale wasipokubaliana tumesema wazi.

Sisi ni wa CEPAC, binti anaenda kwa masista

*Bwana Yesu asifiwe. Binti yetu ana miaka 12, anaingia mwaka wa saba katika intenati ya masista. Sisi tunasali CEPAC, kanisa la Kipentekoste. Je, watamgeuza kuwa Mkatoliki? Na nimfungashie nini cha kumsaidia kusali? — Mama wa Kadutu*

Mama, hakuna wa kumgeuza kwa nguvu, ila msiende kwa kubahatisha. Shule nyingi za masista ni zile zinazoitwa konvansione: Kanisa linaziendesha, lakini ni shule za taifa, kwa mkataba ambao Serikali na makanisa walitia saini tarehe 26 Februari 1977. Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inakataza kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya dini. Inasema pia kwamba shule, ikishirikiana na viongozi wa dini, inaweza kumpa mtoto mdogo malezi ya imani ya wazazi wake, wazazi wenyewe wakiomba. Basi ombeni, tena kwa maandishi. Nusu ukurasa unatosha: jina la mtoto na darasa, kanisa lenu, jina na namba ya mchungaji, na mambo mawili mnayoyataka, yaani ruhusa ya kwenda ibada ya kwenu Jumapili moja kwa mwezi, na kwamba asibatizwe wala kupewa sakramenti yoyote bila nyinyi kujua. Andikeni nakala mbili, moja irudi kwenu na saini ya aliyeipokea. Ipelekeni siku ya kuandikisha. Barua hiyo hiyo ikifika Novemba, ugomvi umeshaanza, inasomwa kama mashitaka.

Misa ya Jumapili kwa kawaida imo katika ratiba ya wote. Binti aende, akae, asimame, aimbe. Wakati wa komunyo abaki kwenye benchi, au kama desturi ya pale ni hiyo, apite akiwa amekunja mikono kifuani apewe baraka. Kutopokea hakumkosei mtu heshima, kwa sababu Kanisa Katoliki lenyewe halitoi komunyo kwa wasio waumini wake isipokuwa katika hali za pekee. Mwambieni haya mapema. Watoto wengi hujipanga mstarini kwa aibu ya kubaki peke yao kwenye benchi, kisha wanarudi nyumbani wakiwa na siri inayowasumbua. Somo la dini lina pointi kwenye buletini (ripoti ya matokeo). Alisome kama anavyosoma historia.

Sasa sanduku. Mpe Biblia ndogo yenye jalada gumu, ile ya Kiswahili anayoisoma nyumbani, si mpya ya Kifaransa ya kuonyesha wageni. Mpe kitabu chenu cha nyimbo na daftari dogo. Andika jina lake ukurasa wa kwanza, na tena ukurasa wa 17 au wowote mtakaoukumbuka, kwa maana anayeiba Biblia huchana ukurasa wa kwanza tu. Chupa ya mafuta ya upako ibaki nyumbani. Kitu cha majimaji kisicho na lebo hunyang'anywa masanduku yanapokaguliwa, na kisiponyang'anywa, dortuari nzima, yaani chumba chote cha kulala, itasema mtoto anatembea na dawa. Tochi ya kusomea chini ya blanketi pia hapana. Inakula usingizi na kuleta adhabu.

Kinachosaidia kuliko vyote hakina bei. Simu zimekatazwa katika intenati nyingi, kwa hiyo chagueni saa moja ya juma, tuseme Jumamosi saa 2 usiku, ambapo yeye huko na nyinyi hapa mtasoma Zaburi ile ile. Kuanzia Septemba hadi Noeli kuna Jumamosi kama 16. Andikeni orodha ya Zaburi 16 kwenye karatasi mbili, moja ukutani kwenu, moja ndani ya Biblia yake. Wanaoharibu mpango huu ni wazazi, si watoto: siku ya vizite (kutembelewa) mtoto anauliza mliielewaje ile ya 27, na baba hajui anaulizwa nini.

Tunakesha na kufunga, lakini pointi zinashuka

*Sisi wavulana wa ya tatu humanite (sekondari ya juu) tuna kikundi cha maombi. Tunakesha dortuari mara tatu kwa juma, saa 4 usiku mpaka saa 8. Kabla ya ekzame (mitihani) tunafunga siku tatu bila maji. Ninasinzia darasani, tumbo linaniwaka. Wenzangu wanasema imani yangu ni haba. — Mwanafunzi, Ibanda*

Kijana, piga hesabu. Ukilala saa 8 na kengele ikalia saa 11 na nusu, umelala saa tatu na nusu. Mtu wa umri wako anahitaji saa 8 mpaka 10 kila usiku. Tena usingizi ndio unaohifadhi yale uliyoyasoma kwenye etudi, saa za kujisomea. Ukiukata, fizikia ya jioni haifiki asubuhi. Kusinzia kwako hakutokani na upungufu wa imani. Ni usingizi unaodai deni lake.

Kuhusu kufunga bila maji, muuguzi wetu anasema hivi. Siku ya kwanza kichwa kinauma kwa sababu mwili umekauka. Siku ya pili asidi ya tumbo haina cha kumeng'enya, na mwenye vidonda ndipo anapokunjana. Siku ya tatu umakini umekwisha, na hiyo ndiyo siku ya hesabu. Kuna watu wasiofunga kabisa, hata wakilia: mwenye ugonjwa wa SS (selimundu), maana kukosa maji kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na yeyote anayetibiwa malaria. Vidonge vya artemeta na lumefantrini humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta, kama mandazi au maziwa. Vikimezwa juu ya tumbo tupu mwili hauvinyonyi vizuri. Dawa inalaumiwa, kumbe ni mfungo.

Wala dini hazidai unachojitwika. Sheria ya Kanisa Katoliki huwataka wafunge walio na miaka 18 mpaka waanze 60. Kuacha nyama huanza kwenye 14. Uislamu umemwondolea mgonjwa wajibu huo mpaka apone. Hata Danieli wa Biblia alikula mboga na kunywa maji siku kumi, kisha akapimwa na wenzake. Hakukaa na njaa.

Hapa wanaojibu wanatofautiana. Mwalimu wa dini anaona kufunga asubuhi moja mpaka chakula cha mchana, siku isiyo na mtihani, huku ukinywa maji, hakuna ubaya kwa mwenye afya. Muuguzi anasema mwanafunzi wa intenati tayari anakula kidogo, bugali na maharage siku nzima, na kwamba afunge kitu kingine: sukari, masengenyo, hasira. Sisi tunaegemea kwa muuguzi, hasa katika juma la ekzame.

Kikundi msikivunje, kirekebisheni. Kiwe baada ya etudi ya jioni, dakika 20, katika darasa lenye taa na mlango wazi, mlezi akiwa mahali anapoweza kusikia. Watu wasizidi 12. Wakizidi, gawanyikeni, kwa sababu kwenye kundi kubwa wanaosali ni watatu na waliobaki ni wasikilizaji. Wimbo mmoja, mistari 10 au 15 ya Biblia, kisha kila mmoja aombe sentensi mbili kwa zamu, dakika mbili za kimya, mwisho. Anayeongoza abadilike kila juma. Na mambo matatu yapigwe marufuku tangu siku ya kwanza: kutoa ufunuo juu ya mwanafunzi kwa jina lake, kukusanya pesa, na kumleta mhubiri wa nje bila barua ya prefe (mkuu wa shule). Ufunuo huanza na "naona mtu hapa ana roho ya uvivu" na kuishia kwa mtoto kuhama shule. Mgeni akikubaliwa, asikae na mwanafunzi peke yao chumbani, hata kwa kisingizio cha kumwombea. Hilo halina mjadala, awe askofu au nabii.

Mwanangu ni Mwislamu, shule ni ya Wakristo

*Assalam aleikum. Kijana wangu anasoma intenati Bukavu. Sala tano atazipataje? Na Ramadhani itakuwaje? Sitaki apigane na walezi wake. — Baba, Birere, Goma*

Waaleikum salaam, Baba. Ratiba ya intenati inakubaliana na sala kuliko unavyofikiri, kwa sababu Bukavu iko karibu na ikweta na jua halibadilishi tabia yake sana: kwa mwaka mzima linazama kati ya saa 11 na dakika 55 na saa 12 na dakika 25 jioni. Alfajiri huingia karibu saa moja na dakika kumi kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo kengele ya saa 11 au 11 na nusu inamkuta ndani ya wakati. Adhuhuri huingia karibu saa 6 mchana na wakati wake unaendelea mpaka alasiri, mnamo saa 9 na kitu. Akitoka darasani saa 7 bado hajachelewa. Magharibi ndiyo ngumu, kwa maana wakati wake ni mfupi na mara nyingi unagongana na kuoga au kupanga foleni ya chakula. Hiyo ndiyo ya kuzungumza na mlezi: dakika saba, si zaidi. Isha aisali baada ya etudi. Kibla kwa Bukavu ni kaskazini ukielekea kidogo mashariki. Mwonyeshe siku ya kwanza kwa kutumia jua linapochomoza, asimame nalo likiwa kuliani mwake na mbele kidogo.

Maji yakikatika, kijana asiache udhu kwa kudhani anahitaji ndoo. Hadithi sahihi zinasema Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita. Chupa ya maji ya nusu lita akiimwaga kidogo kidogo inamtosha. Mkeka mwembamba unaokunjika ukae juu ya sanduku, si chini ya kitanda ambako watu hutupa viatu.

Ijumaa inahitaji karatasi. Omba kwa maandishi sorti (ruhusa ya kutoka) ya muda wa saa mbili kila Ijumaa, utaje msikiti na mtu mzima atakayempokea na kumrudisha. Ukiomba kwa jumla tu, "mtoto aende msikitini", mkuu wa disiplini atakataa, na hatakosea, kwa sababu mtoto akipotea mjini yeye ndiye anayeulizwa.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia kati ya Januari na Machi, katikati ya masomo. Mfungo kwa Bukavu ni kama saa 13 na dakika 20. Futari haina shida, inakutana na chakula cha jioni. Apate tu tende au ndizi na maji kwanza. Shida ni daku. Jiko la shule halitawashwa saa 10 usiku kwa ajili ya watoto wanne. Waombe wapishi wawawekee sahani ya jioni ya ziada, bugali na maharage, kwenye sufuria yenye kifuniko kinachobana, na kila mtoto awe na chupa ya maji ya lita moja pembeni ya kitanda. Maharage yaliyobaki usiku mmoja mahali pa baridi kwa kawaida hayana neno. Yakiwa na povu au harufu ya uchachu, yamwagwe. Sambaza waliokaangwa hukaa vizuri zaidi. Nyama ya shule, kama hamjui ilivyochinjwa, aiache, na protini ataipata kwenye maharage na samaki. Siku za ekzame mwenye afya anaweza kuendelea kufunga ikiwa amekula daku na kulala mapema. Akiugua, afungue na alipe baadaye. Amjulishe muuguzi kabla mwezi haujaandama, kwa sababu muuguzi asiyejua humpa vidonge saa 4 asubuhi na kuandika kwamba mtoto amekataa matibabu.

Wasichana wanapiga kelele usiku

*Ninalinda dortuari ya wasichana 52. Kwa majuma mawili, kila usiku mmoja anaamka akipiga kelele kwamba amekabwa, kisha wengine wanne au watano wanaanguka. Sasa wanamtaja msichana mmoja kuwa mchawi na wazazi wanataka afukuzwe. Tufanye kuombea usiku kucha? — Mlezi, Bagira*

Dada, kwanza huyo msichana anayetajwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Mzazi anayesimama kwenye ua wa shule na kutaja jina anavunja sheria; mweleze hivyo kwa upole mbele ya prefe. Msichana asihamishwe kitanda, maana kumhamisha ni kutangaza kwamba mmekubali.

Sasa hizo kelele. Mara nyingi ni jinamizi: akili imeamka lakini misuli bado imefungwa na usingizi, kama inavyofungwa kila usiku tunapoota. Mtu anaona chumba, anahisi uzito kifuani, hawezi kusema. Hudumu sekunde chache mpaka dakika moja au mbili, kisha huisha lenyewe. Huwapata zaidi wanaolala chali na wasiolala vya kutosha. Kelele yake huwaamsha wengine katika giza, wanapumua haraka kwa hofu, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, wanaanguka. Hawaigizi. Hofu huambukizwa kwa macho na masikio, na kadiri watu wazima wanavyopiga kelele nao, ndivyo wanaoanguka wanavyoongezeka. Ndiyo maana kukesha kwa kukemea dortuari nzima saa 7 usiku kunaongeza moto.

Usiku ukitokea tena, washa taa. Mkalishe aliyeamka, mguse bega, mwite kwa jina, mwambie apumue polepole nawe. Waliobaki warudi vitandani. Hakuna kuzunguka kitanda chake. Mtu mzima mmoja tu ndiye anayesema. Kisha sala fupi kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, Zaburi ya 4 kwa mfano, ina mistari minane na ya mwisho inahusu kulala kwa amani; au Salamu Maria kumi, au dua, kulingana na waliopo. Sala wanayoijua kwa moyo inatuliza kwa sababu mdomo unapata kazi na pumzi inapata mwendo. Taa izimwe baada ya dakika 15, ibaki ndogo mlangoni.

Ila kuna mambo matatu ambayo si jinamizi, na lazima uyatofautishe usiku huo huo. Akitetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, hicho huenda ni kifafa: mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, kikizidi dakika 5, hospitali. Akiwa na joto kali na maneno yasiyoeleweka, ni hospitali pia bila kungoja asubuhi, kwa maana malaria inaweza kuwa imepanda kichwani. Na kama wengi wanaumwa kichwa na kutapika pamoja, tafuta mbabula (jiko la makaa). Makaa yakiingizwa ndani kwa ajili ya baridi yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua. Fungua madirisha na utoe watu wote nje kabla ya kuuliza lolote.

Mchana, omonye (padri mlezi wa shule) au mchungaji aje abariki dortuari, vitanda vyote 52 bila kuruka wala kukawia kwa kimoja. Hilo lina faida. Na angalieni saa ya kulala, na nafasi kati ya vitanda.

Jumamosi ni Sabato yetu

*Sisi ni Waadventista. Shule ya mwanangu inasoma mpaka Jumamosi. — Baba, Lubumbashi*

Baba, Sabato yenu huanza jua likizama Ijumaa, kwa hiyo hesabu pia etudi ya Ijumaa jioni, ambayo wazazi wengi huisahau. Kabla ya kulipa minervali, uliza kama Jumamosi kuna masomo, interogasyo (majaribio ya darasani) au kazi ya mikono tu. Kazi ya mikono na kufua hubadilishwa kirahisi na Jumapili. Interogasyo inahitaji barua ya mchungaji na makubaliano na kila mwalimu, mwanzoni mwa mwaka. Shule ikikataa kabisa, tafuteni nyingine mapema. Mtoto asiwe yeye anayebishana na prefe kila juma.

Tumfiche mtoto kifo cha baba yake?

*Kaka yangu amefariki hapa Goma. Mwanawe ana miaka 15, yuko intenati Bukavu. Familia inataka asiambiwe mpaka amalize ekzame, majuma matatu. Wanasema tumwombee tu. — Shangazi*

Pole sana, Mama. Mwambieni leo. Kati ya Goma na Bukavu habari inavuka ziwa na boti ya kwanza. Ataipata kutoka kwa mwenzake penye foleni ya maji, na kuanzia hapo hatawaamini, wala hatamwamini mlezi aliyekuwa akimtabasamia huku anajua.

Mmoja wenu aende. Kama njia haipitiki, chagueni mtu wa shule anayempenda, awe padri, mwalimu au mlezi, na nyinyi muwe kwenye simu. Chumba chenye mlango, wakae wote. Aseme waziwazi: baba yako amekufa, jana, kwa sababu fulani. Asiseme "amelala" wala "Mungu amempenda zaidi". Mtoto akisikia hilo la pili, usiku anaogopa Mungu asije akampenda na mama yake. Kisha anyamaze, amwache alie. Mistari ya Biblia isubiri. Wakati huo rafiki mmoja wa kulala kitanda cha jirani ana kazi kubwa kuliko mahubiri. Dini ina nafasi yake kesho yake, katika vitendo: kutajwa kwa jina la marehemu kwenye Misa au ibada, dua, mshumaa.

Aamue mwenyewe kama anataka kuzika. Asipoweza kusafiri, ulizeni saa ya maziko, na saa hiyo hiyo apewe kanisa dogo la shule na marafiki wawili. Aandike barua kwa baba yake, muipige picha, isomwe kaburini. Familia inaweza kuandika barua kuomba ekzame ifanyike siku nyingine. Anayetaka kuifanya aachwe aifanye, wapo wanaoshikilia kitabu ili wasianguke.

Baada ya kuondoa matanga watu husahau, na hapo ndipo pagumu. Mtu mzima mmoja amwone dakika kumi mara mbili kwa juma, kwa majuma sita, na shule iandike tarehe ya arobaini kama familia inaiadhimisha. Akikaa zaidi ya majuma mawili bila kula au kulala vizuri, akijitenga na wote, apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili. Akisema anatamani kumfuata baba yake, msihesabu majuma: asiachwe peke yake hata kidogo, na aende siku hiyo hiyo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Anayesema kwamba kwenda huko ni kukosa imani hajawahi kukataa dawa ya malaria kwa sababu hiyo.

Kalamu za Ekzetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari

*Mchungaji mmoja anaombea kalamu za finalisti kwa dola tano. Na wenzangu wanachanga pesa za "kuandaa kituo" cha mtihani. Nikikataa yote mawili nitafeli? — Finalisti, Goma*

Kalamu kuombewa ni sawa, bure. Anayetoza hauzi baraka, anauza hofu yako. Mpelekee padri au mchungaji wako wa parokia, na kama hayupo, mama yako anatosha. Huo mchango wa kituo ni rushwa, hata ukiitwa jina gani. Goma mna mtu wenu wa kumtazama: Floribert Bwana Chui, kijana wa ofisi ya udhibiti OCC, aliyekataa pesa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani. Aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri huko Roma. Ukikataa, wenzako watakuita msaliti kwa siku chache. Kataa mapema na kwa maneno machache, usingoje asubuhi ya mtihani. Pesa ya mchango nunua bic nne, mbili za akiba, na kabla ya kuingia jaribu kila moja kwenye karatasi, iwe imeombewa au haikuombewa.